Uhakiki, Uthibitishaji na Ufuatiliaji: Maneno Matatu na Gharama Zake Serikalini

Katika kazi ya kukusanya na kusanifu istilahi, mwandishi wa makala haya amezoea kuulizwa maswali ya namna mbili. La kwanza ni la wenye haraka: jambo hili kwa Kiswahili tuliiteje? La pili huulizwa na wachache, nalo ndilo gumu: mkishaliita hivyo, kitafanyika nini? Makala haya yanahusu swali la pili. Yanahusu maneno matatu ambayo siku hizi hayakosekani katika nyaraka za Serikali zinazohusu maudhui ya kidijitali, yaani uhakiki, uthibitishaji na ufuatiliaji, na dai langu ni kwamba namna tunavyoyatumia sasa inaigharimu Serikali fedha na inamgharimu mwananchi zaidi ya fedha.

Chukua mfano wa fungu la makisio lililoandikwa "uhakiki na ufuatiliaji wa maudhui ya kidijitali". Nimekutana na mafungu ya sura hiyo katika rasimu kadhaa zilizoletwa tuzitazame lugha yake, na kwa upande wa sarufi sikuona kosa lolote. Lakini mwulize mhasibu: fedha hizi zinanunua nini? Zinanunua mtambo wa kutia saini za kielektroniki? Zinalipa mshahara wa mtu wa kupiga simu kuuliza kama barua fulani ilitoka kweli katika ofisi iliyotajwa? Zinamlipa mtu wa kusoma yaliyosemwa mtandaoni na kupima ukweli wake? Au zinanunua daftari la kielektroniki la kuonyesha hati imepita mikononi mwa nani? Kiswahili cha fungu lile kinakubali majibu yote manne, na fungu linalokubali majibu manne litatumika kwa lile ambalo mtumiaji analipenda.

Hayo yalinidhihirikia Tabora. Mji huo una nasaba yake katika masuala ya utunzaji wa hati: ndipo kilipokuwa Chuo cha Uhazili, ambacho leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, na makatibu na watunza kumbukumbu wengi wa nchi hii wamepitia hapo. (Neno lenyewe "mhazili" lisingedumu bila chuo, dawati na cheti, kamusi peke yake haikuweza kulihifadhi.) Katika mazungumzo na watunza kumbukumbu wachache mjini humo niliwauliza: ukipokea kwa simu picha ya barua ya Serikali, ukaambiwa uihakiki, utafanya nini? Wa kwanza alisema ataiuliza ofisi iliyotajwa kichwani mwa barua kama iliiandika. Wa pili alisema atatazama kama tarakimu na majina yamebadilishwa. Wa tatu alisema atachunguza kama jambo lililoandikwa ni kweli. Wa nne alikuwa mama mtu mzima aliyekaa masjala miaka mingi. Alinitazama kwa huruma kidogo, akasema, "Mwanangu, mimi nitauliza kwanza imepita kwa nani mpaka ikanifikia."

Wote wanne walikuwa sahihi kwa Kiswahili chetu cha sasa, na kila mmoja alikuwa akizungumzia kazi yenye vifaa vyake, ujuzi wake na gharama yake.

Kwamba kazi hizo ni nne wala si moja, hatuna haja ya kujifunza kutoka kwa mafundi wa kompyuta. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji ilikwisha kutufundisha. Kilomita chache kutoka Tabora mjini, pale Kwihara, limehifadhiwa tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Mwezi Machi mwaka huo Henry Stanley aliondoka hapo kurudi pwani akiwa amebeba shajara ya Livingstone na barua zake. Shajara ilikuwa imetiwa lakiri. Stanley alipofika Uingereza, baadhi ya watu na magazeti walitilia shaka kwamba hata alikutana na mzee huyo. Mwezi Agosti 1872 mtoto wa Livingstone na Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Lord Granville, waliandika barua za kukiri kwamba maandishi yale yalikuwa ya Livingstone mwenyewe. Lakiri ilionyesha kwamba shajara haikufunguliwa njiani. Mwandiko ulionyesha nani aliyeiandika. Hizo tayari ni kazi mbili.

Je, yaliyoandikwa yalikuwa kweli? Livingstone alikuwa akitumaini kwamba mto Lualaba ndio chanzo cha Nili. Hakuna lakiri wala mwandiko uliobadili jiografia: mwaka 1876 na 1877 Stanley aliufuata mto huo mpaka bahari ya Atlantiki, ikabainika kuwa ni Kongo. Kwa hiyo hati ilikuwa halisi, nzima, haikuguswa na mtu, na dhana yake kuu ilikuwa na kosa. Ofisa wa London ambaye angepewa fungu la "kuhakiki shajara" angeweza kumaliza kazi yake kwa siku moja kwa kutazama mwandiko, au kwa miaka mitano kwa kuifuata Lualaba, na katika taarifa yake akatumia kitenzi kilekile.

Kazi ya nne, ile ya mama wa masjala, nayo imo katika habari hiyohiyo. Katika vitu vilivyopelekwa kwa Livingstone kutoka Unguja ulikuwamo mfuko wa barua ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870 na kuwekewa maelezo kwamba barua zake ni za rejesta. Kwa hesabu ya Stanley, msafara uliobeba mfuko huo ulikaa Bagamoyo siku karibu mia moja kabla ya kuanza safari, kisha ukazuiliwa Unyanyembe na vita vya Mirambo, na barua zikamfikia mwenyewe Ujiji baada ya mwaka mzima. Mfuko ulikuwa na kila alama ya uhalali. Kilichokosekana ni mtu wa kusema leo mzigo uko wapi. Alama haifuatilii, kazi ya kufuatilia inahitaji mtu, daftari na utaratibu wa kuulizana kituo kwa kituo.

Niongeze moja, kwa kuwa limepita Tabora pia. Livingstone alipofariki mwaka 1873, maiti yake ilibebwa na Susi, Chuma na wenzao kupitia Unyanyembe hadi pwani. Kule London, mwaka 1874, ilitambuliwa kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa zamani na simba. Alama hiyo haikuwa juu ya mzigo bali ndani yake, wala hapakuwa na njia ya kuitoa bila kuharibu kitu chenyewe. Mafundi wa leo wanaotia alama fiche ndani ya picha na sauti wanatafuta jambo la namna hiyo, nao hawajalipata kwa uhakika ule wa mfupa: alama nyingi hupotea picha inapopigwa tena picha, au inapopunguzwa ukubwa na programu za kutumiana ujumbe.

Sasa turudi kwetu. Neno "uhakiki" lilipata umaarufu mkubwa katika utumishi wa umma kati ya mwaka 2016 na 2017, wakati wa uhakiki wa vyeti vya watumishi. Mwezi Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa mjini Dodoma: watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Hiyo ndiyo tarakimu inayokumbukwa. Lakini taarifa hiyo ilikuwa na tarakimu nyingine inayotuhusu zaidi sisi wa istilahi: vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watumishi 3,076. Hapa cheti si cha kughushi hata kidogo. Kimetoka pale kilipotakiwa kutoka, maandishi yake hayakuguswa, na bado watu wawili wanakila. Ulinganishaji wa cheti na rejesta ya mitihani ungejibu "halisi" mara mbili. Tatizo linaonekana tu pale unapouliza cheti kimepita kwa nani. Zoezi moja, neno moja, makosa ya aina mbili, na gharama zake hazikwisha mwaka 2017: mwaka 2022 Serikali iliamua kuwarejeshea walioondolewa kazini kwa sababu ya vyeti michango waliyokatwa katika mifuko ya hifadhi ya jamii, na majalada yakafunguliwa upya.

Etimolojia inaweza kutusaidia hapa. "Hakiki" ni ndugu wa "hakika". Mzizi wake ni ukweli. "Thibitisha" ni ndugu wa "thabiti". Mzizi wake ni kusimama imara pasipo kuyumba. Mtu anaweza kuthibitisha kwamba barua ni ya fulani bila kuhakiki neno hata moja la barua hiyo. Wenzetu wa fasihi wamelitumia "uhakiki" kwa kazi ya kupima ubora wa kazi ya sanaa, na hawakukosea, kwa sababu wao wanashughulika na yaliyosemwa, siyo na karatasi. (Makala haya nayo ni uhakiki, sitamlaumu msomaji akiyapima kwa kipimo hicho.) Kosa limeingia pale ofisi zilipolichukua neno la kupima yaliyosemwa na kulifanya la kupima karatasi, kisha karatasi ikageuka kuwa faili la kompyuta, na neno likaendelea kubebeshwa.

Hali ni mbaya zaidi kwa neno "maudhui". Waliosoma fasihi shuleni wanakumbuka fani na maudhui: fani ni chombo, maudhui ni kilichomo. Katika lugha ya mawasiliano neno hilo sasa linabeba chombo na kilichomo pamoja. Picha ni maudhui, faili ni maudhui, maoni ya mtu ni maudhui. Kwa hiyo "kufuatilia maudhui" kunaweza kuwa kujua nakala ya waraka wa Serikali imefunguliwa na nani, jambo ambalo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inatupa kila sababu ya kulitaka. Na kunaweza kuwa kuangalia raia anasema nini, jambo ambalo lina sheria zake, mipaka yake na ubishi wake. Kitenzi "kufuatilia" chenyewe hakisaidii. Tunafuatilia mzigo stesheni, tunafuatilia malipo, na askari anamfuatilia mtu. Waraka unaoomba fedha za kufuatilia mizigo na waraka unaoomba fedha za kufuatilia watu haufai kuandikwa kwa maneno yaleyale, na mbunge anayepitisha fungu anastahili kuona tofauti hiyo bila kulazimika kuuliza.

Aidha, neno lisilo na mipaka huhamisha gharama kimyakimya. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mtoa huduma alipe shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni ya mwanzo na shilingi 1,000,000 za kila mwaka. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena baadaye, wala sikusudii kufufua mjadala wa viwango. Nataka tu tuone kwamba sehemu ya gharama ya kusimamia ilibebwa na anayesimamiwa. Katika njia ya misafara jambo hilo lilikuwa na jina lake: hongo. Mtemi alilipwa doti kadhaa za nguo ili msafara upite katika nchi yake kwa amani, na malipo hayo yalikuwa ya wazi, yalijadiliwa kwa siku kadhaa mbele ya watu, na kila mfanyabiashara aliyaingiza katika hesabu yake kabla ya kuondoka Bagamoyo. Leo hongo ni malipo ya siri na ni kosa la jinai. Sidai kwamba ada ya leseni ni hongo kwa maana hii ya pili. Nadai kwamba neno lilitoka maana ya kwanza kwenda ya pili, na kwamba ada ambayo mlipaji hajui inanunua kazi gani imekwisha kuanza safari hiyo midomoni mwa watu.

Nije kwenye gharama zenyewe, kwa kifupi na kwa kadiri mtu wa istilahi anavyoweza kuzieleza. Kuthibitisha asili ya hati kwa saini ya kielektroniki, ambayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua, ni gharama ya kuanzia na ya kuhuisha: funguo hutolewa, huisha muda, hupotea, mwenye nazo huhamishwa kutoka Nzega kwenda Sikonge na lazima zifutwe. Kuhifadhi uzima wa hati, yaani kujua haikubadilishwa, ni nafuu kwa kila hati moja, maana kompyuta hutengeneza muhtasari wa tarakimu wa faili, na herufi moja ikibadilika muhtasari wote hubadilika. Gharama yake huja polepole, aina za mafaili zinapopitwa na wakati na hati ya miaka ishirini ikalazimika kuhamishwa bila kupoteza uthibitisho wake. Kufuatilia nyendo ndiko kunakokula hifadhi: jalada lenye kurasa arobaini likifunguliwa na watu kumi kila wiki, daftari la nyendo zake litaendelea kukua wiki hadi wiki hata kama jalada lenyewe halikuongezeka ukurasa. Na kupima ukweli hakupungui bei kwa kununua mtambo. Ni kazi ya watu wenye elimu ya jambo husika, nayo huanza upya kwa kila dai.

Ndiyo maana inasikitisha kuona fedha zikienda katika kukanusha badala ya kutia alama mapema. Kila msomaji ameona barua ya kughushi yenye nembo ya Serikali ikisambaa, na baadaye ofisi husika ikiirudisha mtandaoni ikiwa imepigwa maandishi mekundu kwamba ni feki. Maandishi hayo mekundu nayo ni picha. Aliyeghushi barua anashindwaje kughushi kanusho, akalipiga juu ya barua ya kweli? Nionavyo mimi, sehemu ya tatizo ni kwamba ofisi inaambiwa "ihakiki" taarifa zinazosambaa, kazi isiyo na mwisho, wakati ilichotakiwa kuambiwa ni kuzitia alama zake yenyewe, kazi yenye mwisho.

Kwa hiyo napendekeza tugawanye. Kwa hati kama chombo, tuseme "hati ya kidijitali", tuache "maudhui" libaki kwa yale yaliyosemwa ndani yake. Kwa kuonyesha nani aliyetoa hati, tuseme "uthibitishaji wa asili", na chombo chake kiwe "muhuri wa kidijitali", kwa kuwa muhuri tangu zamani ni wa mwenyewe. Kwa kuonyesha kwamba hati haikuguswa, tulirudishe neno "lakiri". Lakiri haisemi bahasha ni ya nani. Inasema tu imefunguliwa au haikufunguliwa. Tutaweza kusema "hati imetiwa lakiri", "lakiri imevunjika", na karani ataelewa kwamba jambo la kufanya ni kutafuta nakala nyingine, wala siyo kumshtaki mwandishi. Kwa historia ya hati, tuseme "nyendo": "daftari la nyendo za hati". Na "uhakiki" tuurudishe kwenye hakika, yaani kupima ukweli wa maudhui, kazi ambayo ikiombewa fedha iombewe kwa jina lake na mwombaji aeleze ni ukweli wa nini na kwa mamlaka gani.

Nimekwisha kusikia pingamizi. Wapo wasemao kwamba lakiri ni neno la wazee, kwamba kijana wa leo hajawahi kuona nta nyekundu ya bahasha. Ni kweli. Lakini mwaka 2012, mitambo ya analojia ilipokuwa ikikaribia kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka huo, ni kaya ngapi zilizokuwa na neno "king'amuzi"? Kitenzi "ng'amua" kilikuwapo, kifaa kikaletwa mlangoni, na watu hawakusubiri semina. Upo pia ushahidi wa upande wa pili, na si haki kuuficha: "ngamizi" tuliliunda kwa bidii, na nchi nzima ikaendelea kusema kompyuta. Tofauti, nadhani, ni kwamba kompyuta tayari ilikuwa na jina midomoni mwa watu neno letu lilipofika. Kitu ninachokiita lakiri hakina jina midomoni mwa mtu yeyote hapa nchini isipokuwa mafundi wachache, nao wanakitaja kwa Kiingereza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ndugu mmoja wa sheria aliniambia kwamba mgawanyo huu utazibana ofisi, kwa sababu neno pana humpa mtumishi nafasi ya kufanya litakalohitajika. Sikubaliani naye, ila amegusa jambo la kweli. Tangu sheria iliyorekebishwa mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, neno tunalolisanifu halibaki tena katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Linaingia katika hukumu. Hakimu wa Urambo akiulizwa kama hati fulani "ilihakikiwa", jibu lake litamfunga mtu au litamwachia, na ningependa ajue anaulizwa kuhusu muhuri, lakiri, nyendo au ukweli.

Limebaki neno moja ambalo sijalipata. Mtu anayewajibika kuandika daftari la nyendo, atakayeulizwa hati ikipotea, aitwe nani? "Mtunza kumbukumbu" ni mpana mno, "mfuatiliaji" lina harufu ya upelelezi. Mama wa masjala pale Tabora alipendekeza "kirangozi", jina la yule aliyetangulia mbele ya msafara, lakini kirangozi aliongoza njia, hakuhesabu mizigo. Mwenye neno bora alilete Barazani kabla orodha hii haijapelekwa kusanifiwa.